Zaburi za Torcuil na Beathag

Shemeji yangu Torcuil hakuwa mtu wa mambo mengi. Jumatatu hadi Jumamosi alifuma vitambaa vya sufu bandani kwake, na majira ya kuchipua alikwenda nyikani kukata mboji, ule udongo mweusi tunaoukausha na kuuchoma badala ya kuni. Jumapili hakugusa hata ndoo. Alivaa suti yake nyeusi akaenda kanisani kuimbisha zaburi. Makanisa yetu hapa kisiwani Lewis hayana kinanda. Mwimbishaji hutoa mstari wa zaburi peke yake, waumini wakaurudia, kisha mwingine. Watoto wake wanne aliwalea hivyo hivyo, kwa sufu, mboji, na zaburi nyumbani kila asubuhi kabla ya uji.

Halafu dada yangu Beathag, mkewe, akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akitembea vizuri, lakini maneno yote yalikuwa yamemtoka. Hata jina la mumewe hakuweza kulitamka. Daktari alisema tusitegemee mengi. Mimi nilimwamini daktari. Torcuil, wapi!

"Atasema tu," aliniambia asubuhi moja nilipopita kwao.

"Shemeji, tangu baridi ianze hajasema hata ndiyo."

"Kwani wewe kondoo wako akipotea tangu baridi ianze, humtafuti?"

"Nikimkosa nanunua mwingine."

"Ndiyo maana wanakukimbia. Kaa hapo, tunaanza ibada."

Nilikaa kwa adabu tu. Watoto walikwisha kuhama, kwa hiyo tulikuwa watatu na sufuria ya uji jikoni. Siku zote alitoa mstari, akanyamaza kumngoja mkewe, kisha akaujibu mwenyewe. Iliniuma sana kumwona. Siku hiyo alitoa mstari wa kwanza wa Zaburi ya ishirini na tatu, akanyamaza. Nikafumbua kinywa nimsaidie, akaninyooshea kidole kunizuia.

Beathag akaujibu kwa kuimba. Maneno yote, kwa sauti yake ileile ya zamani. Nililia waziwazi, wala sikujificha. Torcuil hakulia, alitoa mstari wa pili, naye akaujibu, wakaenda hivyo mpaka zaburi ikaisha.

"Haya, mpenzi, sasa niite jina langu," akamwambia.

Dada yangu akafumbua kinywa. Hakikutoka kitu. Machozi yakamlengalenga.

"Basi, basi," Torcuil akasema, akimshika mkono. "Kwani tuna haraka ya nini?"

"Shemeji, uji unaungua," nikamwambia.

"Uache uungue."

Akafunua Zaburi ya mia moja na kumi na tisa, ile ndefu kuliko zote, akatoa mstari wa kwanza.