Saa Niliyoibeba Kichwani

Haya, wanangu wa kompyuta! Acheni hizo nyaya kidogo, sogeeni mnywe chai. Marahaba, marahaba, shikamoo zenu nimezipokea zote. Naambiwa mmefunga kompyuta ndogo kwenye kila mlango wa mfereji wetu, zinaongea zenyewe kwa zenyewe, hakuna bosi, na leo milango miwili imegombania maji kwa sababu kila kompyuta ina saa yake. Msione aibu. Mimi niliharibu hivyo hivyo bila umeme.

Ipo siku moja naikumbuka, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Nilinunua saa ya mkono mjini Arusha. Mwanangu, iling'aa mpaka majogoo wa jirani wakawika wakidhani kumekucha! Huku Meru zamu ya maji ni kwa saa, na kila nyumba ilikuwa na saa yake ya mezani, na kila moja na uongo wake. Wakaniomba: kijana, pita utupe saa ya kweli.

Sasa ona ujinga. Saa yenyewe niliogopa isikwaruzwe. Nikaitazama nyumbani: saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nikaifungia sandukuni, nikapanda mlima na hiyo "kumi na mbili" kichwani kama trei ya mayai. Kwa Mama Anaeli, jirani wa karibu, ni mwendo wa dakika kumi. "Mama, weka kumi na mbili!" Nikaendelea. Huku nikapewa ndizi, kule nikapewa stori, na ule mlima ulivyosimama, hata mbuzi hukaa chini avute pumzi. Nafika kwa Baba Elia, nyumba ya mwisho juu kabisa, jua linachoma kisogo. "Baba, ni kumi na mbili kamili!" Akaweka, mzee wa watu.

Kesho yake Baba Elia ndiye wa kwanza kwenye maji, afunge saa mbili. Mama Anaeli apokee hapo, mbili mpaka tatu tu, basi, mpaka wiki ijayo. Na ana kitalu cha miche ya kahawa, kiangazi hicho, udongo unapasuka. Na ana binti. Binti ndiye bibi yenu huyu anayemimina chai, kwa hiyo mjue nilikuwa nachezea nini.

Mama akafungua mlango wake. Maji hakuna. Akangoja mpaka zamu ikaisha, akapanda na jembe.

"Baba Elia, umeumeza mfereji? Saa tatu imeshapita!"

"Tatu ya wapi, mama? Yangu bado dakika kumi ifike mbili. Muulize huyo wa saa ya mjini!"

Nami nilikuwa hapo hapo, nilitamani niwe mdudu.

Mzee Nderimo, msimamizi wa mfereji, akaniita. Hakupiga kelele. "Saa uliitazama wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Basi umewapelekea habari iliyolala. Saa huzeeka njiani, kijana. Kwenda kwa Mama Anaeli na kurudi unaimba nyimbo ngapi za kanisani?"

"Nne, mzee."

"Basi kufika tu ni mbili. Ukimpa saa yako, ongeza nyimbo mbili."

Wiki nzima nikabeba maji ya mtoni kwa ndoo, shingo ikazama mabegani mpaka kola ikakosa pa kukaa. Miche ikapona, karibu yote. Ile michache iliyokufa, mama mkwe aliitaja mpaka siku ya harusi.

Kwa hiyo, mwanangu, kila kompyuta iwaulize majirani zake. Ihesabu muda wa swali kwenda na jibu kurudi, iugawe nusu, ndiyo iongeze kwenye saa iliyopewa. Isiwepo ya kujiona mfalme. Kidole kimoja hakivunji chawa. Iliyopotea mbali na wenzake isiwavute wote shimoni. Na iliyotangulia isiruke nyuma kama mbuzi aliyeona nyoka. Ipunguze mwendo, wenzake waifikie. Halafu waulizane tena na tena, maana saa ni kama mtoto mchunga ng'ombe, usipomwita anahama na kipepeo.

Mungu awape akili ya mikono na upole wa moyo, na mfereji huu uwanyweshe mpaka wajukuu wenu.

"Amina!" bibi yenu huyo kadakia. "Ila jana nimekaa na mikungu yangu ya ndizi pale sokoni Maji ya Chai, namsubiri huyu babu yenu. Kanipigia simu: 'Mama, nimeshafika, nakuona!' Na nyuma yake namsikia ng'ombe wangu analia zizini!"