Njia ya Sendai Ilianzia Rooty Hill

Kuna upepo unaotangulia treni kwenye vituo vya chini ya ardhi. Unafika kabla ya taa na kabla ya mngurumo, wa baridi, wenye harufu ya chuma kilichosuguana na vumbi la siku nyingi. Mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki uwanja wa ndege, na nilipokuwa nasubiri treni ya kurudi mjini, upepo ule ukanipiga usoni. Nilikuwa na mwavuli mkononi, kazi yangu, ufunguo wa nyumba yangu mwenyewe. Vyote havikunisaidia. Nikawa tena mtoto wa miaka tisa.

Tulikaa Rooty Hill, kitongoji cha pembezoni mwa jiji kule ughaibuni, mimi na Baba na Mama, katika nyumba iliyokuwa karibu sana na reli hata vikombe vilicheza kabatini kila treni ya mizigo ilipopita. Mama alifanya kazi kwenye makao ya wazee. Baba alipanga matairi kwenye ghala moja kule Granville, ingawa alikuwa amesomea uinjinia, tena Japani, katika mji uitwao Sendai. Aliporudi jioni akinuka mpira, aliosha mikono hadi kwenye viwiko, kisha akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu kunisimulia habari za treni.

Si treni zile za kasi ambazo dunia nzima inazijua. Yake ilikuwa treni ndogo ya mabehewa mawili, iliyotoka Sendai kwenda uwanja wa ndege. Ilipita mashamba ya mpunga, ikapanda juu ya nguzo za saruji, na ukitazama upande wa mashariki uliona bahari. Dereva alivaa glavu nyeupe, na kila alipofikia taa ya reli aliinyooshea kidole na kuitaja kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Mchezo huo niliupenda mno. Wiki nzima niliinyooshea kidole friji yetu na kuitangazia kwamba njia ni nyeupe. Mama akasema, "Mtoto huyu utamharibu," lakini alikuwa akicheka.

Kisha bahari ile ikafurika. Tuliona kwenye televisheni maji meusi yakifagia ndege ndogo na magari kama takataka za mferejini, na uwanja ule ule wa ndege ukiwa kisiwa. Baba alilia waziwazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Reli ilipokarabatiwa na treni kuanza tena kufika uwanjani, alinirusha juu. "Wameirudisha, Mumbua! Sasa lazima nikupeleke ukaione."

Mtoto husahau kuoga lakini hasahau ahadi. Nilimkumbusha, akakubali, nikamkumbusha tena. Mwishowe, siku moja ya baridi, karibu na likizo ya shule, aliniambia safari imekaribia.

"Mimi na wewe?" nikamwuliza kwa Kiingereza, maana nyumbani niliulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

"Mimi na wewe. Lakini usimwongeleshe Mama habari hizi. Anaumia tunavyomwacha."

Nikafunga mdomo. Nilimhurumia Mama kwa kubaki, na nikajiona mkubwa kwa kumhurumia.

Asubuhi ya safari nilijaza begi langu la mgongoni: nguo za ndani, kamusi ndogo ya Kijapani niliyoazima maktaba ya shule, na glavu nyeupe za Mama za kanisani. Mama aliingia chumbani akiwa na sare ya kazi. Akaongeza sweta. Alinikumbatia muda mrefu.

"Wewe ni jasiri kuliko mimi," akasema.

Nikadhani anaogopa ndege. Nikamwambia asijali, haitaanguka.

Treni yetu ilikuwa ya ghorofa. Tulikaa juu, nami nikazitangazia kwa kidole taa zote kuanzia Blacktown hadi Parramatta. Bibi mmoja aliyeketi mbele yetu akageuka na kutabasamu. Baba naye alicheka, akaniuliza maneno ya Kijapani, nikakosea, akacheka zaidi. Tukabadilisha treni mjini, tukazama chini ya ardhi. Sanduku lake lilikuwa kubwa mno kwa safari ya likizo ya wiki mbili. Nililiona, nikaamini limebeba zawadi.

Uwanjani, alipokwisha kukabidhi sanduku, tulisimama karibu na mlango ambao wasiosafiri hawapiti. Alipiga magoti akafunga kamba ya kiatu changu, na kamba haikuwa imefunguka.

"Mumbua, natangulia mimi," akasema akikitazama kiatu. "Wewe utakuja baadaye."

Siku ile Kiswahili kilinitoka bila kutafutwa. "Baba, na mimi? Nimeshapanga nguo."

Akanibusu kichwani, akasimama, akaenda. Nilipotaka kumfuata, mkono ulinishika begani. Alikuwa Mama Furaha, Mkongo tuliyesali naye, aliyefanya usafi pale uwanjani. Alikuwa bado na aproni ya kazi.

"Acha, mtoto yangu," akasema. "Njoo tuende kwangu, mama yako atakuchukua kesho."

"Alisema tunakwenda wote!"

Mama Furaha akanitazama, kisha akautazama mlango. "Ee Mungu," akasema polepole. "Papa yako alituambia wewe unajua."

Sikusikia kitu katika maneno yale ila kwamba wote walikuwa wameambiwa. Tulisubiri treni, upepo ukaja, nikautapikia ukingo wa jukwaa. Mama Furaha alinipangusa kwa aproni yake, yeye mwenyewe machozi yakimtoka.

Baba alipata kazi Sendai, na baadaye akapata mke, mwanamke aliyefahamiana naye tangu masomoni. Alipiga simu, kwanza mara nyingi, kisha sikukuu. Hasira yangu kwake ilikuwa mbali, haikuwa na mahali pa kutua. Ile niliyokuwa nayo kwa Mama ililala nyumba moja nami. Niliamini kwamba aliniwekea sweta akijua siendi popote. Niliacha kumwambia mambo yangu. Aliponikumbatia nilisimama kama mlingoti. Mama alikuwa na msemo wake, njia ya mwongo ni fupi, na kila alipousema nilitoka chumbani.

Siku chache baada ya kumsindikiza yule rafiki, nilikwenda kwa Mama nikamwuliza kwa nini siku ile alishiriki kunidanganya. Alikuwa akichambua sukuma wiki. Kisu kikasimama.

"Nilimwambia akwambie mwenyewe," akasema. "Akaniapia kwamba amekwambia, na kwamba umeomba tusilizungumze. Begi lilikuwa la kulala kwa Mama Furaha. Nilikuona unacheka, nikasema, mtoto huyu anameza uchungu ili nisilie."

"Na baadaye? Mbona hukusema kitu?"

"Mama Furaha aliniambia ulishtuka. Nilidhani ni kule kumwona akienda. Ulivyoninyamazia, nikajua unanilaumu kwa kushindwa kumzuia. Hata mimi nilijilaumu."

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba Baba alidanganya ili nisiumie mapema. Sasa nadhani alitaka kufika kwenye ile ndege akiwa bado baba anayempeleka mwanawe matembezi, na bila kicheko changu asingeweza. Alinibeba kama mtu abebavyo chakula cha njiani.

Tulimaliza kuchambua mboga pamoja. Kwamba Baba aliniacha bila baba, hilo nililijua siku ile ile, mlangoni pale. Kwamba kwa uongo wake aliniondolea na mama yangu pia, nimelijua nikiwa mtu mzima, nimeshika jani la sukuma.