Mnafu wa Bibi

Mnafu ukichemka jikoni, harufu yake inanirudisha parokiani, kwenye darasa letu la Kiitaliano. Sista alituambia tuje na mboga za nyumbani tuzisifie: pomodoro rosso, nyanya nyekundu, carota dolce, karoti tamu. Bibi alinichumia mnafu wenye umande, akaufunga kwa kamba ya mgomba. Wenzangu wana karoti, mimi mnafu! Nikautupa mferejini, nikamwambia sista nimesahau.

Jioni bibi akauliza, "Haya, sista kausifiaje mnafu wangu?"

"Verdura bella, bibi. Yaani mboga nzuri."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe Wazungu nao wanajua vitamu!"

Jumamosi iliyofuata alinipa mafungu mawili. "Hili lingine sista akapike."

Yote mawili yakaenda na maji.