Nusu ya Sahani

Msaidizi wa wauguzi wa wodi ya chini, katika kituo cha kutunzia wazee, alikuwa na jina lake kwenye daftari la mahudhurio, lakini hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Bi Kwanini. Ukimwambia maji yamechemka, atakuuliza kwa nini birika hili hupiga kelele na lile halipigi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimaliza hapo, akiosha wazee, akiwalisha na kuwageuza vitandani ili ngozi zisichubuke.

Siku moja tangazo likabandikwa kwenye mlango wa jiko. Chuo cha uuguzi kimetoa nafasi moja kwa wasaidizi wa kituo: kusoma miaka miwili huku ukiendelea na kazi, kisha cheti. Mwombaji awe amemaliza kidato cha nne, amefaulu baiolojia, na ana uzoefu wa kuhudumia wagonjwa usiopungua miaka mitatu.

Jioni alimfuata wifi yake, muuguzi wa hospitali. "Mwenye cheti anaweza kuajiriwa wapi?"

"Hospitalini, shuleni, gerezani, kiwandani, majumbani mwa watu. Hata melini."

"Melini? Kwa nini, baharia naye huugua?"

"Wifi, ukiingia darasani wewe, mwalimu ndiye atakayeomba likizo!"

Bi Kwanini akacheka. "Mimi sitaki meli. Nataka kubaki na wazee wangu. Ila kila siku naona mambo nisiyoyajua hata majina."

Waliomba watatu. Siku ya usaili aliitwa wa mwisho, kwenye ofisi ya matroni. Mkufunzi kutoka chuoni, mama mwembamba aliyening'iniza miwani kifuani, akafungua fomu yake.

"Elimu, sawa. Baiolojia, sawa. Uzoefu..." Akavaa miwani. "Umeandika 'hakuna'."

"Ndiyo, mama."

"Bila uzoefu siwezi kukupokea."

Matroni akajishika kichwa. "Jamani! Miaka tisa uko hapa!"

"Nilidhani wanataka uzoefu wa sindano na dripu," Bi Kwanini akasema kwa sauti ndogo. "Mimi naosha na kulisha tu."

Mkufunzi hakuifunga fomu. "Nitajie mtu mmoja unayemlisha."

Bi Kwanini akachomoa daftari kwenye mfuko wa aproni. "Kuna bibi mmoja, alikuwa mshonaji, yuko kitanda cha nne. Tangu apate kiharusi, ripoti zinasema anakula nusu, hana hamu. Nikajiuliza, kwa nini nusu ileile? Nikawa nachora sahani yake, siku kumi na mbili. Ya kushoto ndiyo inayobaki. Nikadhani hapendi mboga, nikaweka viazi kushoto. Vikabaki viazi."

"Halafu?"

"Nikaizungusha sahani. Akala yote, akaniuliza nani kamwongeza."

Mkufunzi akasimama. "Twende."

Wodini chakula cha mchana kilikuwa kinagawiwa. Mkufunzi akasimama kushoto kwa kitanda cha nne. "Shikamoo, bibi."

Bibi akaangaza huku na huku, asimwone. Mkufunzi alipozunguka upande wa kulia, bibi akashtuka. "Marahaba! Na wewe umetokea wapi? Umekuja kupimwa gauni?"

Alipowekewa sahani yake, akala viazi vya upande wa kulia, akaweka kijiko chini. "Nimeshiba." Mkufunzi akaizungusha sahani kwa mkono wake mwenyewe. Bibi akaitazama. "Mh! Mmeniongeza tena? Haya, lakini nguo zikinibana mtazipanua nyinyi." Akashika kijiko.

"Macho yake ni mazima," mkufunzi akasema taratibu. "Ni ubongo uliousahau upande wa kushoto."

"Kwa nini usahau upande mmoja tu?"

"Hilo ni somo la muhula wa pili." Mkufunzi akaiweka fomu kwenye kimeza cha kitanda. "Futa hiyo 'hakuna', uandike miaka tisa. Wenzako nimeshawasikiliza, na nimeshaamua. Nafasi hii ni yako."

Bi Kwanini akapokea kalamu. Akafuta, akaandika, akapuliza wino ukauke. Kisha akainua uso.

"Muhula wa pili unaanza lini?"

"Kwanza mfute bibi mdomo," akasema matroni.