Mashuka ya Kisorya

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino, na mkuu wa idara alicheka kabla hata sijamaliza kumwamkia. Ilikuwa Musoma, ofisi ya biashara, chumba chenye meza tatu na feni ambayo sikuwahi kuiona ikizunguka. Nilikuwa nimetoka chuo, nimesomea uchumi wa miji, na kichwani nilibeba maneno mazito niliyokuwa na hamu ya kuyatumia. Mkuu aliniambia niache begi mezani nimfuate. Tukatembea kwa miguu kutoka katikati ya mji hadi Mwisenge, yeye mbele, mimi nyuma nikichechemea.

Kila tulipofika kwenye nyumba ya kulala wageni, hakuingia mapokezi. Alizunguka uani, akatazama kamba za kuanikia nguo, akaguna, tukaendelea. Nilivumilia nyumba chache, kisha nikamwuliza tunatafuta nini.

"Mashuka," alisema. "Mwenye nyumba ukimwuliza amepata wageni wangapi atakuficha, anaogopa kodi. Shuka halifichi. Mgeni akilala, linafuliwa. Ukitaka kujua mji unakua, usitazame magari yanayopita barabarani. Nenda uani."

Huo ndio uchumi wa utalii niliofundishwa, na chuo hakikuwahi kunifundisha vizuri zaidi. Ofisini tulikuwa na kipimo tulichokiita usiku wa mgeni, yaani mgeni mmoja kulala usiku mmoja. Mtalii anayepita hununua maji ya chupa na kutuachia vumbi. Anayelala hula chakula cha jioni, hupanda bodaboda, hununua samaki, na asubuhi kuna mama anayelipwa kufua. Kwa hiyo kuna mji wa kupita na kuna mji wa kulala, na kazi yetu maafisa ilikuwa kuuhamisha mji kutoka huku kwenda kule. Nasema ilikuwa, lakini hata sasa ndiyo hiyo hiyo, ila ninyi maafisa wa sasa mna kompyuta ndogo za kubeba.

Baada ya Musoma nilihamishiwa Bunda. Pale magari ya watalii yalipita kila siku yakielekea lango la hifadhi, na wafanyabiashara wa kata ya Kabasa waliyatazama yakipita kama watu wanaotazama harusi ya jirani ambayo hawakualikwa. Bosi wangu wa Bunda alikuwa mtu wa hotuba. Aliniagiza niandae wasifu wa wilaya wa uwekezaji, yaani kijitabu ambacho kwacho mahali hujitambulisha kwa watu wenye mitaji: barabara zipo, umeme upo, maji, viwanja vilivyopimwa. Mimi nilitaka jaladani tuweke picha ya ziwa na wavuvi. Yeye alitaka simba. Nikamkumbusha kwamba simba ni wa hifadhi, si wetu.

"Weka simba," alisema. "Hakuna mwekezaji anayepanda ndege kwa ajili ya dagaa."

Tukaweka simba. Alitoka vizuri, sikatai.

Kituo cha tatu kilikuwa Butiama. Huko wageni wengi walikuwa wanafunzi wanaoletwa na mabasi kuona makumbusho, wakila viazi walivyobeba kutoka kwao na kuondoka kabla jua halijapungua. Nilikuwa chini ya afisa utamaduni, mama mtulivu aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuwa na haja ya simba wala tembo. Yeye alinifundisha kuhusu mgeni wa ndani. Alisema mtoto wa mkoa wetu wa Mara hata akiishi wapi hurudi nyumbani kwa mazishi, kwa harusi, kwa kipaimara na kwa Krismasi, na nyumba ya wazazi siku hizo haitoshi. Watu hulala kwenye magari, hulala madarasani.

"Watalii wetu wengi wanakujaga wakilia," aliniambia. "Hao ndo uwatafutie vitanda."

Nilicheka siku ile. Sikujua kwamba maneno hayo yangenifuata hadi kwa dada yangu.

Dada yangu, Nyanjura, aliolewa Kisorya, pale kivuko kinapovusha watu kwenda Ukerewe. Mumewe, shemeji Magesa, alikuwa mvuvi mwenye mitumbwi yake ya dagaa, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, na kila nilipokwenda kwao alinitania kwamba serikali inanilipa kwa kuchungulia nguo za watu kwenye kamba. Nilimpenda sana. Barabara ya lami ilipofika Kisorya, akaanza kutusikiliza sisi watu wa ofisini tukisema watalii wakitoka hifadhini watateremka hadi ziwani, wavuke kwenda visiwani. Kisha siku moja akaja mtu wa kampuni moja ya kusafirisha watalii. Akapiga picha machweo, akala sato akajilamba vidole, akasema atakuwa analeta wageni kila wiki. Shemeji akauza mitumbwi na injini zake, akajenga loji ya vyumba vinane.

Chumba kimoja kilitazama ziwa moja kwa moja. Hicho alikifunga. Alikiwekea kitanda kipana, neti mpya na mashuka meupe aliyoyafuata Mwanza mwenyewe, akasema wa kwanza kulala humo atakuwa mgeni kutoka ng'ambo. Wavuvi wa kwao wana imani ya mguu: anayekanyaga kwanza kitu kipya ndiye anayewaita wanaofuata. Mtumbwi mpya haupandwi ovyo. Huchaguliwa mtu mwenye riziki, asiye na msiba mwilini, akaupanda kwanza yeye, ndipo wengine. Shemeji alifanya hivyo kwa mitumbwi yake yote, na sasa loji aliiona kama mtumbwi: asilale mtu chumba chochote kabla ya mgeni huyo.

Miezi ikapita, mtu wa kampuni hakuleta mtu. Jumamosi moja nilikuwa nimekwenda kuwasalimia, na jioni, jua bado lipo, likaja basi dogo lenye jeneza. Familia ilikuwa inapeleka marehemu wao Ukerewe, nao wamekuta kivuko cha mwisho kimeondoka. Walikuwa wengi, wamechoka, kuna bibi alikuwa anashikwa mikono na wajukuu. Wakaomba vyumba vyote, hata kile kilichofungwa. Shemeji akawaambia kwa upole kwamba loji haijafunguliwa. Nikamvuta pembeni.

"Shemeji, hao ndio wageni."

"Hao ni wafiwa."

"Na mfiwa si analala kitandani?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa biashara.

"Nisikilize, shemeji. Nyumba hii bado haijakanyagwa. Ikianza na jeneza, watakuwa wanaingiaga wenye majeneza tu mpaka mwisho. Mimi nilikuwaga nachagua mtu wa kukanyaga mtumbwi, na hakuna mtumbwi wangu hata mmoja ulizama. Subiri kidogo tu. Mzungu anakuja."

Dada aliwapelekea chai na maharage kule kivukoni. Walilala ndani ya basi lao, bibi yule kwenye kiti cha nyuma. Nilimkasirikia shemeji na wakati huo huo nilimwelewa, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuza maisha yake yote akanunua tumaini moja, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia alifungue kwa ufunguo usio wake.

Lakini habari husafiri. Madereva wakaambizana kwamba pale Kisorya kwa Magesa wafiwa hawapokelewi. Familia zilizochelewa kivuko zikaacha hata kugonga. Kampuni ile nayo ikaamua magari yake yaingie hifadhini kutokea Mwanza na yatokee Arusha bila kukunja kuja ziwani, na yule mtu wa picha akaacha kupokea simu. Sisi maafisa tuliendelea na mitingi zetu, kila kijitabu kipya na simba wake.

Safari moja nilipiga simu nikamwambia dada ninakuja Jumapili baada ya ibada. Niliposhuka kwenye bodaboda, kitu cha kwanza nilichoona ni kamba ya uani imejaa mashuka tangu mwanzo hadi mwisho, yanapepea. Nikasema moyoni, hatimaye. Shemeji akatoka akicheka kicheko chake, akaniambia, "Haya, fanya kazi ya serikali, hesabu." Nikahesabu kwa sauti kumfurahisha, naye akawa anaitikia kila nambari.

Dada hakucheka. Tulipokuwa jikoni tunaparua samaki aliniambia bila kuinua kichwa, "Hakuna mtu alilala. Yalikuwa safi. Amenifulisha jana, alijua unakuja."

Mkuu wangu wa Musoma, Mungu amrehemu, alikosea, shuka nalo hufundishwa kuficha. Nilikula chakula cha mchana nikimsifu shemeji kwa wageni wake, na sitasahau jinsi alivyonishukuru. Sijawahi kula samaki mchungu kama yule.

Hakumaliza mwaka. Ilikuwa presha. Alianguka asubuhi akielekea ziwani kunawa uso, na mpaka gari lilipopatikana kwenda Bunda hospitali, alikuwa ameondoka. Mimi nilikuwa nimerudishwa Musoma, nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nilifika Kisorya nikakuta turubai limeshafungwa na dada amekaa chini kati ya wanawake, hana machozi tena.

Kisha watu wakaanza kuja. Walikuja ndugu wa Mwanza, wa Tarime, wa Dar es Salaam, wavuvi waliowahi kufanya kazi kwenye mitumbwi yake, kwaya nzima ya kanisani kwao. Shangazi zake wakavuka kwa kivuko kutoka Ukerewe. Ilipofika jioni wanaume wa ukoo wakawa wanauliza watu watalala wapi. Dada akainuka, akaingia ndani, akarudi na funguo zote. Alifungua vyumba saba. Mbele ya cha nane alisimama kidogo, akaniangalia mimi, kisha akafungua.

Humo tulimlaza shangazi mkubwa wa marehemu, mzee sana. Alilalamika kwamba kitanda ni laini mno kinameza mgongo, akaomba ashushiwe mkeka. Tukamshawishi, akalala. Huyo ndiye mguu wa kwanza katika chumba cha mzungu.

Tulimzika shemeji siku iliyofuata. Asubuhi baada ya mazishi niliamka nikasikia maji yanamwagwa uani. Nikatoka nikamkuta dada na wanawake wawili wa jirani wanafua. Kamba ilikuwa imejaa, na walikuwa wamefunga nyingine kutoka kwenye nguzo hadi kwenye ukuta, nayo inakaribia kujaa. Meupe ya Mwanza yalikuwa katikati. Dada alikuwa na shuka mkononi, amelikamua nusu. Akaniambia, "Hesabu basi. Leo ni ya kweli."

Nilishindwa. Kulia kwangu kote kwa msiba ule kulikuwa pale, mbele ya kamba.

Nilistaafu mwaka ule ule. Waliniandalia chakula ufukweni Musoma, na mkurugenzi akasema mkoa wetu unakua, akataja mahoteli yanayojengwa kando ya ziwa, uwanja wa ndege, barabara. Ni kweli yote, nami nilipiga makofi kwa moyo mmoja, kwa sababu jasho langu limo. Wanaoniuliza kama maneno yetu ya ofisini ndiyo yaliyomponza shemeji huwa nawajibu kwamba nami nimejiuliza. Alikuwa mtu mzima, alichagua. Sioni hatia, ninaona huzuni tu, tena nyingi. Ila ninyi mnaokalia meza zetu sasa, mkimwambia mtu mgeni anakuja, mwambieni pia ni mgeni gani, na mgeni gani tayari amesimama mlangoni.

Loji ya Kisorya inafanya kazi. Dada hupokea waliochelewa kivuko, wenye harusi, walimu wanaohamia visiwani, wenye majeneza. Mara mbili tatu wamelala hata Wazungu, wakipita na baiskeli zao, nao aliwapa chumba kilichokuwa wazi, hakuangalia kipi. Mashuka huanikwa karibu kila siku.

Nikienda kumsalimia huniuliza kama nimepita uani na kama nimehesabu. Humjibu kwamba nimehesabu, ni mengi. Naye huridhika, akaenda kuweka chai jikoni. Sijahesabu hata mara moja tangu siku ile ya Jumapili, yeye Magesa alipokuwa ananiitikia.