Diski Niliyomchomea Mama

Sisi tuliokulia Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, wakati deki ya DVD ndiyo iliyokuwa mfalme wa sebule, tulijua kusubiri. Deki yetu ilifunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama kwa mkono wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe juu yake. Jumapili baada ya misa, bundu, ugali wetu wa muhogo, na mboga ya sombe vikishaliwa, watoto wa jirani walivua kandambili mlangoni na kujibana sakafuni, magoti yananukia mafuta ya kupaka. Diski ikikwama katikati ya sinema, hatukulalamika. Tuliitoa, tukaipulizia pumzi, tukaipangusa kwa shati la aliyekuwa msafi kuliko wote, tukairudisha kimyakimya kama tuko kanisani. Leo mwanangu akiona kile kiduara kinazunguka kidogo tu kwenye simu, anatangaza kwamba maisha yake yameharibika.

Mwaka niliokuwa darasa la saba, mama alijifungua mdogo wetu wa mwisho. Mama ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, Kongo, wa kijiji kimoja upande wa Beni, na kwa sababu ya vita alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka mingi. Sasa hata harusi ya mdogo wake ilimpita akiwa amekaa kitandani na mtoto wa siku tano. Kaka yake, mjomba Kambale, alivuka mpaka wa Mpondwe siku ya soko akatuletea flashi iliyokuwa na harusi nzima.

"Mama iko na maneno yako humu ndani," alimwambia mama. "Sikia kwa mudomo yake. Mimi naenda Kasese kwanza, nitapita hapa Ijumaa."

Deki yetu haikuwa na tundu la flashi. Mama akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na jambo hilo lilijulikana hadi kwa wauza samaki.

"Biira, nenda kwa Maman Kavira. Mwambie atuchomee harusi kwenye diski."

Maman Kavira alikuwa mkimbizi kutoka Butembo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa na kistudio karibu na forodha ya Mpondwe: kompyuta moja, deki moja, na ukuta uliojaa picha za watu waliopiga na hawakurudi kuzichukua. Nje malori yalinguruma na wapagazi walipigiana kelele. Ndani kulinukia vumbi la moto linalotoka nyuma ya kompyuta. Ningeweza kuitambua harufu ile hata leo nikifumba macho.

"Deki yenu iko mukaidi," alinieleza. "Ukiweka sinema vile iko, itasema haijui. Lazima tuibadilishe kwanza. Programu niko nazo tatu, lakini zote zinasema kizungu ya Uganda, na mimi nilisoma kifaransa. Kaa hapa, mutoto. Soma, uchague."

Hebu fikiria. Miaka kumi na mitatu, miguu haifiki chini vizuri, na mtu mzima ananiambia nichague! Ya kwanza ilikuwa na alama ya nyota, lakini tulipoijaribu iliandika jina lake kubwa katikati ya picha, juu kabisa ya uso wa bibi harusi. Hiyo tukaiacha. Ya tatu ilikuwa mbaya kuiangalia, ya kijivu, imejaa visanduku na namba, na ilisema itachukua saa tatu. Ya pili ilikuwa na rangi ya buluu, vitufe vinavyong'aa, na iliahidi kumaliza upesi. Nikaipenda hapo hapo.

Kabla haijaanza, ilileta kisanduku chenye maneno. Katikati kulikuwa na neno trial. Neno hilo nililijua: kesi, mtu kusimama mbele ya hakimu. Kesi na harusi vinahusiana vipi? Sikuelewa. Lakini mtoto wa kwanza kwa Kiingereza hawezi kusema hajaelewa.

"Iko inasema nini?" Maman Kavira aliuliza.

"Inasema ni sawa," nikajibu, nikabonyeza.

Jioni ile nyumba ilijaa. Bibi, mama yake mama, alionekana mapema tu, amesimama mlangoni kwake na kitenge cha manjano, akamsalimia mama kwa jina lake la utotoni. Mama akaweka kiganja mdomoni. Tukaona ng'ombe wa mahari, wazee, keki, na watu wakiingia uwanjani kucheza. Katikati ya ngoma picha ikaisha. Tukadhani ndivyo walivyomaliza kupiga. Mama akasema, "Mama amezeeka, lakini sauti ni ile ile," akalala na furaha.

Ijumaa mjomba alirudi asubuhi. Lori lake lingevuka saa kumi alasiri.

"Haya, dada. Jibu ni nini?"

"Jibu gani?"

"Hukusikia alichouliza? Kule mwisho?"

"Mwisho wanacheza."

Mjomba alivuta kigoda, akaketi. "Aliniapisha nisiseme mimi. Anasema nitaongeza chumvi yangu. Lakini nikirudi bila jibu, atajua umekataa."

Nilikumbuka kile kisanduku. Sikungoja kuulizwa. "Ni mimi," nikasema. "Kulikuwa na neno sikulijua, nikadanganya." Mama hakunipiga, na hilo ndilo liliniumiza. Alinyoosha mkono tu, akanipa flashi.

Nilikimbia barabara yote hadi Mpondwe. Maman Kavira aliponisikiliza alishika kiuno.

"Kumbe ulikuwa hujui? Na mimi pia sijui! Tungeulizana, watu wawili wajinga, tungefika." Kisha akasogeza kiti changu. "Sasa soma yote. Hata ile ndogo ya chini."

Nikasoma yote, na nisilolijua nikalisema. Maneno mawili tulimwuliza wakala wa forodha aliyekuwa akipita. Ndiye aliyetuambia kwamba ile ya buluu ilikuwa ya kujaribu tu na ilikata sinema zote katikati. Tukaichagua ile mbaya ya kijivu. Umeme ulikatika mara moja, tukaanza upya kwa jenereta. Namba za asilimia zilitambaa: kumi, kumi na mbili, kumi na tatu. Maman Kavira alinipa ndizi za kuchoma, zikapoa mkononi nikitazama kioo. Ilipomaliza hakunikabidhi diski. Aliiweka kwenye deki yake, akaipeleka hadi mwisho kabisa, na tulipomwona bibi anaanza kusema alizima. "Maneno iliyobaki si yetu. Kimbia!"

Saa kumi ilikuwa haijafika. Mama alikuwa amekaa mbele ya televisheni, mtoto kifuani, mjomba kando yake. Bibi aliisogelea kamera mpaka uso ukajaa kioo. Alizungumza kwa lugha yetu, polepole.

"Binti yangu, watu wote wananiambia nihame. Hapa usiku tunalala msituni kwa kuogopa vita. Lakini sitaki kuhamia mahali ambapo nitakuwa mzigo. Nije kwako, au nibaki hapa na kaburi la baba yako? Wewe ndiye useme. Ukinyamaza, nitaelewa."

Mama alilia bila sauti, machozi yakimdondokea mtoto kichwani. Kisha akamgeukia mjomba. "Mwambie aje. Mwambie aje na lori litakalotangulia."

Baba aliporudi kutoka kazini na kuambiwa, alivua kofia, akatazama chumba chetu kidogo, akauliza jambo moja tu: "Kitanda chake tukiweke upande gani?"

Bibi alifika kabla ya mwezi kwisha, na kuku mmoja na vijiti vya muhogo vya kupanda. Alikaa nasi miaka minne. Alipanda muhogo ule nyuma ya jiko, akatufundisha nyimbo za kuvunia, akatukemea kwa kukata kucha ndani ya nyumba. Siku moja nilimweleza habari ya diski ya kwanza. Aliacha kumenya muhogo.

"Kwa hiyo ningebaki kule nikidhani amenyamaza," alisema. Akanivuta, akanilaza kichwa pajani kwake.

Leo hakuna anayebadilisha chochote. Video inajifungua yenyewe, inajituma yenyewe, na inasahaulika siku hiyo hiyo. Wiki iliyopita nilikaa nyumbani kwangu Kampala nikamtafuta mama kwenye simu yangu, nisikie sauti yake. Nina video nyingi mno: keki, watoto wakiruka, mimi mwenyewe nikijipiga kwenye kioo. Mama anaonekana mara nne. Mara zote anapita nyuma, amebeba sahani, na hakuna aliyemwambia asimame aseme kitu.