Fundi Asiyegawa Diski Ovyo

Fundi wetu wa kompyuta ana vidole vyepesi. Angemnyoa paka sharubu na paka akaendelea kukoroma. Binti yangu alitaka mfumo wa Linux ukae na Windows kwenye mashine moja, kama wake wenza, kila mmoja na chumba chake ndani ya diski. "Nakala kwanza, kugawa diski kunaweza kufuta vitu," akasema fundi, kama kawaida yake, akiipuliza flashi utadhani anapoza uji. Sauti ya marehemu mume wangu imebaki mle kwenye kompyuta tu, hakuna pengine. Akainakili, halafu akaifungua nakala aone kama ni nzima. Marehemu akanguruma: "Mama watoto, chai iko wapi?" Fundi akaondoa mikono kwenye kibodi. "Bibi, mjibu. Mimi sigawi diski ya mtu anayesubiri chai." Nikamwitikia, "Naileta, baba watoto." Ndipo akaigawa.